Chanjo za chuo: kadi ya kliniki ya utotoni inatosha?

Njiwa22: Wakuu, chuo kinataka uthibitisho wa dozi 2 za MMR (surua, matumbwitumbwi na rubela), chanjo ya homa ya ini B, ya homa ya uti wa mgongo, na kipimo cha kifua kikuu. Kadi yangu ina BCG (chanjo ya kifua kikuu), dozi 3 za pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja) na surua ya miezi 9. Zimebaki wiki 6. Nianzie wapi?

MchanjajiMkuu: Anza na MMR, tena wiki hii. Surua ya miezi 9 haitahesabiwa: dozi hukubaliwa kuanzia mtoto alipotimiza mwaka 1, kwa sababu kabla ya hapo kingamwili za mama huweza kuizima chanjo. Isitoshe, surua au surua-rubela pekee haina kinga ya matumbwitumbwi. Dozi ya pili ichomwe baada ya siku 28, si chini. Kurudia hakudhuru. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu hawachomwi MMR; hao waombe barua ya daktari.

Maabara_Kwanza: Kabla hujachomwa, panga kipimo cha kifua kikuu. MMR inaweza kuficha maambukizi kwenye majibu, kwa hiyo pima siku ileile ya chanjo au subiri wiki 4. Kwa kuwa una BCG, omba kipimo cha damu cha IGRA. Cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, na lazima urudi kusomwa kati ya saa 48 na 72. Ukichelewa, unaanza upya.

Njiwa22: Asanteni. Na homa ya ini B? Pentavalenti si inayo?

MchanjajiMkuu: Inayo, ila kama ulichomwa wiki ya 6, 10 na 14, vyuo vinavyofuata kanuni za Marekani hukataa ile ya tatu, kwani hutaka mtoto awe ametimiza wiki 24. Dozi moja sasa hivi inakamilisha. Asiye na kumbukumbu yoyote hufuata mwezi 0, 1 na 6. Huyo aombe chuo kimsajili huku akiendelea na dozi.

DawatiLaUsajili: Ya uti wa mgongo iwe ACWY (inayokinga aina nne za bakteria: A, C, W na Y), iliyochomwa ukiwa na miaka 16 au zaidi, vyuo vingi hutaka isizidi miaka 5. Inaweza kuchomwa siku moja na MMR, mkono mwingine. Fomu nyingi hurudishwa kwa sababu ya tarehe: 03/04 husomeka Machi au Aprili, hivyo mwezi uandikwe kwa maneno. Kila dozi iwe na tarehe yake, kituo kigonge muhuri na kusaini, na jina lilingane na la pasipoti.