Watoto na lugha za wazee kwenye doti

Mama wa Kadutu: Mimi ni wa kabila la Washi, bwana yangu ni wa Warega. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, watoto wetu wanasema Kiswahili na Kifaransa tu. Kwenye doti, yaani sherehe ya mahari, wazee wakianza Mashi na Kirega, lugha zetu, watoto kimya. Inaniuma sana. Tufanye nini?

Kaka wa Bagira: Mama, dada yangu alipoolewa kwa Wahavu wa kisiwa cha Idjwi, vijana wetu walifundishwa nyimbo za kupokea wageni, za Mashi na za Kihavu. Mpaka leo wanamsalimia shemeji kwa lugha yake, bila kusukumwa.

Shangazi Ibanda: Nyimbo ni nzuri, lakini mtoto apewe na kazi: kunawisha wageni mikono, kuwauliza habari, kujibu. Hata kwenye matanga, mama, umkalishe karibu na bibi.