Mhadhara wa ziwa "kwa wananchi" hapa Mwanza: wananchi gani hao mliowakusudia?

Wakuu, salaam. Wasimamizi naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa mikopo ya vizimba, hili ni jambo lingine.

Mimi niko Ilemela, nina hisa kwenye kikundi chenye vizimba vinne vya kufugia sato ziwani. Wiki tatu zilizopita tuliamka alfajiri tukakuta samaki wamegeuza matumbo juu na maji yamekuwa kijani, mazito kama mlenda. Kila mtu akaja na lake. Huyu anasema tumewekewa sumu, yule anasema ni husuda ya kikundi jirani, mwingine ameshapiga simu kwa mganga. Siku nne baadaye nikaona tangazo ofisi ya mtaa: mhadhara wa wazi kuhusu hali ya Ziwa Victoria, wananchi wote mnakaribishwa, bure. Nikasema Mungu ametuona.

Nikamchukua mzee mmoja jirani yangu, mlinzi wa vizimba vyetu. Huyu ameanza kuvua miaka ya 1970, enzi nyavu zinajaa furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa letu. Mzee akachota yale maji kwenye chupa ya soda, akakaza kifuniko, akavaa koti lake la sikukuu, tukapanda daladala.

Sasa nisikilizeni. Mtu yeyote aliyekaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, siku mbili anajua kazi ya dagaa inakwenda na mwezi. Siku za giza, mwezi usipoonekana, wanaume wako majini na taa usiku kucha, na asubuhi akina mama wako kwenye chanja wanaanika. Mbalamwezi ndiyo watu wanapumzika na kushona nyavu. Hawa wataalamu wetu wa ziwa wameweka mhadhara giza katikati, Alhamisi, saa tatu asubuhi, hotelini mjini. Halafu ukaanza saa tano na nusu, tukimsubiri mgeni rasmi.

Mtoa mada alipanda na Kiingereza. Si Mzungu, ni Mtanzania mwenzetu, tena lafudhi ya Kisukuma haijifichi, mbele ya watu waliokuwa wakisalimiana Kisukuma na Kikerewe mlangoni. Kama dakika kumi hivi alikuwa anataja Rastrineobola argentea, Rastrineobola argentea, inavuliwa hivi, imepungua vile. Mama mmoja wa Kirumba nyuma yangu akaninong'oneza, "Huyo ni mdudu gani?" Picha ilipotokea ukutani ukumbi mzima ukaguna. Dagaa! Yaani huyu mama anauza dagaa kila siku ya Mungu, halafu anazungumziwa riziki yake asiijue.

Ikaja picha ya sangara, jinsi alivyoletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na jinsi furu walivyoporomoka miaka ya 1980, aina kwa mamia. Mzee akanishika mkono, akasema "hayo niliyaona mimi." Aliyaona kwenye nyavu zake mwenyewe, mwaka hadi mwaka. Mle ukumbini sidhani kama kulikuwa na shahidi kumzidi yeye, na alikuwa amekaa nyuma ya nguzo.

Maswali yakapewa dakika kumi. Watatu wakachaguliwa, wote wa meza za mbele zenye maji ya chupa na vitambaa, na wawili kati yao hawakuuliza kitu, walishukuru waandaaji. Mzee alisimama na chupa yake ameinyanyua juu. Mshereheshaji akamwambia, watu wakacheka, "Mzee wangu, vinywaji ni baada ya kikao." Akaketi. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Tunatoka, kijana mmoja mwanafunzi aliyekuwa anagawa kofia akaiona ile chupa. "Shikamoo babu, haya maji mmeyatoa wapi?" Akaishika, akaiangalia kwenye jua, akaeleza kwa Kiswahili, amesimama pale pale kwenye ngazi. Kwamba ule ukijani ni mwani, unanenepa kwa mbolea na maji taka yanayoshuka ziwani na kwa chakula tunachomwaga kikabaki. Mchana mwani unatoa oksijeni, usiku unaivuta na wenyewe, ndiyo maana samaki wanaelemewa alfajiri. Kwamba miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusi unalichanganya ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa yanapanda juu. Tusijaze samaki kupita kiasi, tukiwaona wanatweta juu ya maji tusiwalishe, na vizimba tuvisogeze kwenye kina na mkondo.

Dakika tano, wakuu! Sumu na mganga vikaisha pale pale. Mzee akamuuliza maswali manne, akajibiwa yote manne. Kwa nini huyu kijana ndiye aliyepewa kofia agawe, na yule akapewa kipaza sauti?

Msiniambie Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Mwani upo, mkondo upo, na oksijeni kila mtu anaijua tangu korona.

Wakati wa kuondoka walitupanga kwa picha, sisi wa mwaloni mbele, koti la Mzee katikati. Nauli walisainishwa wenye majina kwenye orodha, sisi hatukuwamo. Lakini kwenye ripoti nina hakika tumo, tumeshahesabiwa kuwa jamii iliyofikiwa.

Jana nimeona tangazo la awamu ya pili. Mada ni kichocho, yaani ugonjwa wa hao hao wanaoshinda miguu majini. Hoteli ile ile, saa tatu asubuhi. Nimehesabu siku za mwezi, ni giza tena. Mzee nilipomwambia ameniuliza kama yule kijana wa kofia atakuwepo.