MREJESHO: Ruzuku ya kituo cha kuchaji pikipiki za umeme, Moshi

Wakuu habari za leo, mwezi uliopita niliuliza kama naweza kuombea ruzuku ya serikali kituo changu pale Majengo, maana nikiwasha chaja 10 kwa pamoja taa za jirani zinafifia na mama wa watu analalamika. Ombi la kwanza lilirudi, walitaka mpango wa mzigo wa umeme (yaani chaja zitavuta umeme kiasi gani na saa ngapi) na mimi nilijaza bei za chaja tu!!

Aliyenishauri niangalie Uingereza asante sana kaka. Kule sheria iliyoanza Juni 2022 inataka chaja mpya za nyumbani na ofisini zije zimesetiwa zisichaji saa za mzigo mkubwa, yaani watu wengi wanapotumia umeme, siku za kazi saa 2 hadi 5 asubuhi na saa 10 jioni hadi 4 usiku, na zinachelewa kuwaka hadi dakika 10 kila moja kivyake ili zisivute umeme kwa mkupuo.

Basi fundi kanifungia taima, tano zinaanza saa 4 usiku, tano saa 8. Kila moja wati 700, kwahiyo toka kilowati 7 nimeshuka 3.5 na jirani kanyamaza. Ombi nimelirudisha jana na mpango ndani, nasubiri.