Mjadala: Tina aandikwe Tina, au atafutiwe jina refu la kwenye cheti?

Mleta mada: Habari zenu wakuu. Tunatarajia mtoto wa kike na jina tunalo tayari: Tina. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi umeanzia kwenye cheti cha kuzaliwa. Mume wangu anasema Tina ni la kuitana nyumbani, haliwezi kukaa kwenye shahada, kwa hiyo litafutwe refu ambalo Tina itakuwa kifupi chake. Mimi naona kumwandika jina ambalo hatutamwita kamwe ni kumpa kazi ya kujieleza maisha yake yote. Kwenye orodha kuna Kristina, Martina, Valentina, Faustina, Klementina, Albertina, Selestina na Augustina. Refu au fupi? Na kama refu, lipi?

Karani Mstaafu: Dada, mimi kazi yangu ilikuwa kujaza hizo fomu. Jina la kwenye cheti ndilo litakalomfuata kwenye mitihani, benki na pasipoti. Ndugu yake akimkatia tiketi ya ndege kwa jina la Tina wakati pasipoti inasoma Klementina, anaweza kukwama uwanjani na mizigo yake. Na majina marefu yenyewe yana mitego. Chukua hilo la kwanza kwenye orodha yako: mmoja ataanza na K, mwingine na Ch, wa tatu ataweka C peke yake. Shule ya msingi kaandikwa hivi, sekondari vile, na siku ya kuomba chuo mnakimbizana na hati ya kiapo kuthibitisha kwamba Christina na Kristina ni mtu mmoja. Nimewaona wengi wakirudishwa dirishani kwa ajili ya h moja. Tina ni herufi nne, hata karani mwenye usingizi hakosei. Mkilazimika kwenda kwenye refu, Martina ina mitego michache zaidi.

Mjomba wa Wengi: Karani anaongea kama mtoto anazaliwa ili ajaze fomu! Mpeni refu, ukubwani atachagua mwenyewe. Mwenye Valentina anaweza kuwa Tina, Vale, Lina, au akabaki na Valentina yake nzima. Aliyeandikwa Tina hana pa kwenda. Mwandishi wa Marekani Maya Angelou alizaliwa Marguerite Johnson. Maya alipewa na kaka yake wakiwa watoto, na ndiyo iliyojulikana duniani. Mtakatifu Rita wa Cascia naye alikuwa Margherita. Hao walianza na refu wakapunguza, hakuna aliyewazuia.

Mwalimu wa Awali: Mjomba, mbona Asha humwulizi jina lake kamili? Asha imetokana na Aisha, na leo kila moja inajitegemea, hakuna anayeona kuna kipande kimepotea. Lisa, Sasha na hiyo Rita yako ziko hivyo hivyo. Malkia Elizabeth II familia yake ilimwita Lilibet, na kitukuu wake aliyezaliwa 2021 akapewa Lilibet kama jina lake rasmi. Tena Jimmy Carter, aliyezaliwa James Earl, aliapa kuwa rais wa Marekani mwaka 1977 kama Jimmy. Sasa huo uzito mnaoutafuta uko wapi?

Mimi ninachokiona ni hiki: siku ya kwanza ya shule naita "Klementina," kimya. Naita tena. Mtoto anachezea zipu ya begi lake, hana habari, mpaka mama yake aliyesimama mlangoni aseme, "Wewe Tina, unaitwa." Ndipo anageuka. Wanazoea, sikatai. Ila asubuhi hiyo yule mtoto ananitazama kama nimemsingizia.

Mjomba wa Wengi: Mwalimu, Carter alikuwa na James ya kuiacha. Huyu Tina ataacha nini?

Tina Mwenyewe: Nimevumilia kusoma, sasa niseme. Mimi ni Augustina kwenye karatasi. Urefu haujawahi kunisumbua. Kinachonikera ni kwamba wazazi wangu hawakulipenda jina hilo. Walilitafuta ili Tina ipate mahali pa kuning'inia, basi. Ofisini ndilo wanaloniita kutwa nzima, na kila nikilisikia nahisi anaitwa mtu mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza, dada yangu, lisiwe "lipi linaishia na tina." Itajeni kila moja kwa sauti, pamoja na jina la baba, kama vile mnamwita apande jukwaani. Ile itakayowafanya mcheke, ifuteni. Zikifutwa zote, mwandikeni Tina na Karani afurahi. Na wala si lazima refu lifanane na fupi: mwimbaji Tina Turner alizaliwa Anna Mae Bullock.

Karani Mstaafu: Hapo kwa Anna Mae umenirudisha kwenye hati za kiapo.

Mleta mada: Asanteni wote. Jana usiku tumezitaja kwa sauti kama alivyosema Tina Mwenyewe. Klementina na Albertina zimekufa hapo hapo, Selestina imefuata baada ya mume kuiandika kwa namna mbili. Yeye amebaki na Valentina. Mimi nimeanza kulegea kwa Faustina, linatokana na neno la Kilatini la bahati na linatamkika vizuri na jina la ukoo wake. Mwenye sababu ya kuipinga aseme mapema, maana anayekwenda kuandikisha ni yeye.