Tupeane uzoefu: safari ndefu za baiskeli, ni wapi ulisema leo sifiki?

Mkanyaga Lami
Wakuu salaam. Leo nikiwa kwenye basi tumewapita vijana wa baiskeli pale Chalinze, mabegi kwenye karia, jua la saa saba, wanakanyaga tu. Nimekumbuka mbali. Waliowahi kwenda mikoani kwa baiskeli waje hapa. Naanza mimi.

Tulikuwa tunatoka Dar kwenda Iringa. Wengi wanaiogopa Kitonga, lakini mimi nilimalizwa na bonde la Ruaha Mbuyuni kabla hata ya kuufikia mlima. Mnaolijua mnajua: mibuyu, vitunguu vimepangwa pembeni mwa barabara, na joto la lami linakupiga usoni. Maji ya kwenye chupa yalikuwa ya moto, hayapiti kooni. Ghafla jasho likakata. Ngozi kavu, natetemeka kwa baridi kwenye jua lile! Nikaanza kumwambia mwenzangu tumeshafika Iringa, tutafute gesti. Akanishusha kwa nguvu, akaniburuta kivulini, akanivua fulana na kunimwagia maji shingoni na kwapani. Mama mmoja muuza vitunguu aliacha biashara yake, akaloweka kanga kwenye ndoo, akanifunika nayo na kunipepea mpaka akili ikarudi. Hakutaka hata shilingi. Kitonga niliipanda kesho yake alfajiri kwa gia nyepesi kuliko zote, malori yanapanda taratibu hadi utingo mmoja tukapiga naye stori kona nzima. Yule mama namuombea mpaka leo.

Binti Ilula
Lile bonde ni tanuri. Pole sana kaka.

Nesi wa Zamu
Mwenzako alikuokoa. Jasho kukata na mtu kuanza kuongea vitu visivyoeleweka ni hatari ya kifo, unampoza kwanza ndipo unatafuta gari la hospitali. Na asinyweshwe maji kwa nguvu akiwa hajitambui.

Chuma cha Singida
Joto utalikimbia kivulini, upepo utaukimbilia wapi? Mimi nilinyoosha mikono Singida kurudi Dodoma. Barabara imenyooka, mlima huuoni, lakini unakanyaga unatoa machozi na baiskeli haiendi. Wanaokwenda Butiama kwa baiskeli kumuenzi Mwalimu, upande ule upepo unawasukuma. Wajaribu kurudi!

Gia Nyepesi
Chuma, upepo si wa kulinganisha na mlima Sekenke.

Chuma cha Singida
Sekenke ina mwisho mkuu. Unapanda, unamaliza, unakunywa soda. Upepo hauna kilele.

Gia Nyepesi
Uliipanda na mzigo?

Chuma cha Singida
Na mzigo, na Phoenix isiyo na gia. Tuendelee?

Mswahili wa Lyon
Wakuu, nami nichangie kutoka huku. Nilishiriki Paris–Brest–Paris ya 2023, safari ya baiskeli ya huku Ufaransa. Ni kilomita 1,200 na ushei kutoka Rambouillet hadi Brest na kurudi, kikomo saa 90 kwa wengi wetu, na saa haisimami ukilala. Usiku wa tatu misuli ya shingo ikagoma kabisa. Kichwa kinaanguka mbele, sioni barabara, naona tairi langu tu. Miguu mizima, pumzi ipo, ila kichwa hakiinuki! Mzee mmoja Mfaransa akachukua tyubu ya zamani, akaifunga nyuma ya kofia yangu na kuivutia kwenye mkanda wa begi ili kichwa kisimame. Vijiji vya Bretagne watu wanakesha nje na kahawa na chapati zao nyembamba, bure kabisa. Nilifika. Kwa wiki kadhaa kidole kidogo na cha pete vilikuwa na ganzi kwa kuegemea usukani.

Binti Ilula
Mungu wangu, shingo!

Doma Mikumi
Nyie mnaongelea upepo. Sisi tulikutana na tembo.

Gia Nyepesi
Weka yote mkuu, usikate.

Doma Mikumi
Tulitoka Doma mapema, tuvuke hifadhi ya Mikumi kabla jua halijakuwa kali. Ile barabara kuu inakatiza hifadhini kama kilomita 50. Mbele yetu tembo jike katoka majanini, nyuma yake mtoto. Akasimama katikati ya lami, masikio yamefunguka. Tukasimama. Akapiga hatua mbili kuja kwetu. Unasikia pumzi yake, unasikia na harufu. Nilitamani kugeuza, miguu imekufa ganzi. Lori likatokea nyuma, dereva akalileta polepole mpaka likawa kati yetu na tembo, akafungua mlango upande wetu na kutuambia kwa sauti ya chini: "Acheni baiskeli, pandeni." Tulikaa humo mpaka mtoto alipovuka. Mama yake alikuwa wa mwisho kuondoka.

Mkanyaga Lami
Duh. Baiskeli je?

Doma Mikumi
Nzima. Dereva akazipandisha juu ya mzigo, akatushusha Mikumi mjini.

Mswahili wa Lyon
Huyo dereva apewe nishani.

Nesi wa Zamu
Hifadhini pakieni baiskeli kwenye gari jamani, hapana ushujaa pale.

Kijana wa Kibaha
Naomba ushauri, nataka kujaribu Dar–Morogoro, kama kilomita 190. Nile nini?

Chuma cha Singida
Ugali wa kushiba, basi.

Gia Nyepesi
Ugali utakulaza Mlandizi. Ndizi, karanga na kashata, kidogokidogo kila unaposikia nafasi tumboni. Na maji mengi.

Nesi wa Zamu
Si mengi tu. Maji matupu bila chumvi yanaweza kukuangusha vilevile. Beba pakiti za chumvichumvi (ORS), zile wanazopewa wanaoharisha.

Fundi Spoku
Ondoka saa kumi na moja alfajiri, tyubu mbili za akiba, pampu na viraka. Ukishuka mlima mrefu usishikilie breki muda wote, za mpira zinapasha rimu mpaka tyubu inapasuka. Bana, achia, bana.

Kijana wa Kibaha
Asanteni. Kuna wa kwenda naye Jumamosi?

Binti Ilula
Nipo.