MRI ya mama inasema ateri za ubongo zimepindapinda, je ndio anyurizimu (mshipa kutuna kama puto) inakuja?

KifunguaMimba:
Wakuu naombeni mawazo maana usingizi hauji. Mama ana miaka 58, presha ya siku nyingi, alikuwa na kizunguzungu wakampiga MRI ya kichwa pamoja na mishipa, ripoti inasema ateri zimepindapinda kuliko kawaida ila anyurizimu haijaonekana. Daktari kasema endelea na dawa za presha, basi. Mtandaoni nasoma mishipa iliyopinda ndio inatuna na kupasuka, na mama mdogo alifariki ghafla kwa damu kuvia kichwani, sasa nahofia mno.

JichoLaPicha:
Pole sana dada. Mimi kazi yangu ni kupiga hizo picha, na mishipa ya hivyo naiona sana kwa watu wazima wenye presha. Ukuta wa ateri una nyuzi zinazovutika, umri na presha vikizichosha mshipa unarefuka na kwa vile nafasi ni ileile unajikunja. Sasa kwenye kona na pale mshipa unapogawanyika damu haisukumi ukuta sawasawa, ni kama mto unavyokula ukingo wa upande mmoja, miaka ikienda pale panaweza kudhoofu pakatuna, ndio maana anyurizimu nyingi zinakutwa kwenye matawi ya duara la Willis, yaani ateri zilizoungana kama pete chini ya ubongo. Kuna tafiti zimekuta wenye anyurizimu wana mishipa iliyopinda zaidi, lakini hiyo haithibitishi kwamba kupinda ndiko kumeileta, presha na ukuta dhaifu vinaweza kuleta yote mawili kwa pamoja.

MzeeKigoda:
Mtafutie mtu wa masaji amnyooshe shingo, damu itapita vizuri.

JichoLaPicha:
Hapana mzee wangu, tafadhali. Hiyo mishipa iko ndani ya fuvu, mkono haufiki, na kuzungusha shingo kwa nguvu kunaweza kuchana ateri za shingoni ukaleta kiharusi.

ZamuYaUsiku:
Mimi ni daktari. Watu wazima kama 3 kati ya 100 wana anyurizimu na nyingi hazipasuki maisha yote, na kwa mama picha haijaonyesha hata hiyo moja. Nguvu wekeni kwenye presha, hilo ndilo mnaloweza kulishika, na kama anavuta sigara aache kabisa. Habari ya mama mdogo mwambieni daktari wake kwa sababu kwa mama huyo ni ndugu wa damu wa karibu, ulizeni pia kama kwenye ukoo kuna ugonjwa wa figo kujaa vifuko vya maji. Angekuwa kijana, viungo vinalegea kupita kiasi na mishipa imejikunja hadi shingoni, ningewaza magonjwa ya kurithi kama Loeys-Dietz, lakini sioni hayo hapa. Ila akipata kichwa cha ghafla kikali kuliko vyote alivyowahi kuumwa, au shingo ikakaza na kutapika, au kope moja ikaanguka na kuona vitu viwiliviwili, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri asubuhi.

KifunguaMimba:
Asante sana daktari, asante JichoLaPicha. Swali la mwisho, mimi na wadogo zangu tukapige picha?

ZamuYaUsiku:
Kwa kawaida hapana. Wanaoshauriwa hasa ni wenye ndugu wawili au zaidi wa daraja la kwanza, yaani mzazi, mtoto au wa tumbo moja, na mama mdogo kwenu hayumo humo. Nyie pimeni presha, na mama akija kukutwa na anyurizimu siku nyingine mrudi tena kwa daktari mumuulize.