Mchanga wa Jupita? MCHANGA?!

Mkaanga Mawe:
Wakuu, nishikeni nisipasue redio ya watu. Yule bwana wa kipindi cha asubuhi, mnamjua, mwenye sauti ya zege, leo kasema chombo "kilitua Jupita kikapiga picha za mchanga". Mchanga! Msikilizaji kapiga simu kumrekebisha, kaambiwa arudi darasa la nne.

Kile kichunguzi kilichoachiwa na chombo cha anga Galileo kiliingia Jupita tarehe 7 Desemba 1995, kikashuka kwa parachuti kilomita 150 hivi, kikatuma taarifa kama dakika 58. Kanieneo ikafika mara 22 ya hewa ya hapa duniani, joto likapita nyuzi 150, kikazima. Hakikugusa kitu, maana hakuna cha kugusa! Ni hidrojeni na heli, zinabanwa kadiri unavyozama mpaka hidrojeni inakuwa kimiminika, na hakuna mahali utasema hapa ndipo sakafu. Sayari zenye sakafu ni nne: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi. Karibu na Jua palikuwa na joto, barafu haikuganda, ikabaki miamba na chuma. Kule mbali barafu iliganda, viini vya sayari vikanenepa, vikavuta gesi. Sentimita moja ya ujazo ya Dunia ina wastani wa gramu 5.5, ya Jupita 1.3. Lori la mchanga limwage wapi?

Bajaji ya Nane Nane:
Kunywa maji mkuu 😂 Kachanganya na Zuhura. Venera 13, chombo cha Wasovieti, ilitua huko 1982, ikapiga picha za mawe, ikadumu dakika 127 kwenye nyuzi 460 hivi. Hata Dodoma ya Novemba haifiki huko.

Zabibu Kavu:
Na wewe mwenye uzi umelipua. Uranusi na Neptuni mbona umeziruka? Sehemu kubwa ni maji, amonia na methani. Si kapu moja na Jupita.

Mkaanga Mawe:
Sawa, lakini MCHANGA?

Mlimwa Juu:
Afadhali huyo. Kuna wale wa "Zohali itaelea kwenye beseni" kisa sentimita yake ya ujazo ni gramu 0.69, nyepesi kuliko maji. Gesi ielee kama ndoo?

Bajaji ya Nane Nane:
Tukiwa kwenye gesi: yule muuza mitungi karibu na stendi, mnamjua. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma. Jumlisha kilo 6, weka kwenye mizani. Ikipungua, umeuziwa upepo.

Zabibu Kavu:
Huyo huyo! Mizani kaificha chini ya meza.

Mkaanga Mawe:
Jamani, uzi wa Jupita huu.

Mlimwa Juu:
Na regyuleta zake zinavuja. Paka povu la sabuni kwenye koki, likivimba mrudishie hapo hapo.